Bahareni ya Mzee Abdulhadi

Mtaani kwetu, nyuma ya Ndia Kuu, walikuwako kina Abdulhadi watatu. Mmoja alikuwa fundi wa saa, mmoja alihamia Bondeni, na wa tatu ndiye huyu aliyeitwa Abdulhadi wa Bahareni, ambaye ukimtaja hata muuza maji angekuonyesha mlango wake. Si kwamba alizaliwa huko. Alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo, chumba cha nyuma, akasoma, akaoa, akafanya ukarani wa kampuni ya meli miaka thelathini na moja na akastaafu bila hata siku moja kuvuka mpaka wa Tanzania pale Lunga Lunga. Lakini babu wa babake, kwa maelezo yake, alitoka Muharrak, kisiwa kimoja cha nchi ya Bahareni, akaja Mombasa na sanduku la nguo na akili ya biashara. Sanduku liliwahi kuonekana. Akili ya biashara, mkewe Bi Mwanaesha alikuwa akisema, bado inatafutwa.

Kila siku baada ya swala ya alasiri Mzee Abdulhadi alikaa barazani kwake na birika la kahawa, akaieleza Bahareni. Ng'ambo ya njia alikaa Masha, fundi wa viatu, ambaye kazi yake haikumruhusu kuondoka. Masha alikuwa ameisikia Bahareni kwa miaka kumi na minne. Alijua kwamba ina visiwa thelathini na vitatu, kwamba mafuta yalipatikana mwaka wa thelathini na mbili, na kwamba daraja la kwenda Saudia ni kilomita ishirini na tano. Mzee akiruka kitu, Masha alimkumbusha bila kuinua macho kutoka kwenye soli, na Mzee akashukuru na kurudi nyuma kukichukua.

Mwezi wa Januari chumba cha juu kilipata mpangaji. Aliitwa Nekesa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, kwao Bungoma, ila amekulia Mombasa tangu babake alipopata kazi ya reli. Yeye mwenyewe alikuwa ameajiriwa katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Siku alipokuja kuchukua ufunguo, Mzee alimuuliza hali ya wazazi wake, akamweleza mambo ya maji na ngazi, kisha akamuuliza alikuwa akiishi wapi kabla. Nekesa akasema alikuwa nje kikazi, miaka mitano.

Mtu mwingine angeuliza nje ipi. Mzee Abdulhadi alisikia neno hilo kama mtu aliyefunguliwa mlango, akaingia. Alimwambia kwamba hata yeye asili yake ni nje. Nekesa alisimama pale na mkoba begani, ufunguo mkononi, na kabla hajapata nafasi ya kusema lolote walikuwa wamekwisha fika kwa Wareno.

Tangu siku hiyo ikawa kawaida. Nekesa akirudi kazini saa kumi na moja, Mzee humkaribisha kikombe cha kahawa, naye hukaa kwenye kona ya baraza, viatu vyake vya ofisini amevivua, akasikiliza. Tena alikuwa akiuliza maswali. Hilo ndilo lililomfurahisha Mzee kuliko yote, kwa sababu sisi majirani tulikuwa tumeacha kuuliza zamani sana, kwa kuchelea majibu.

Alimweleza jina. Bahr ni bahari, akasema, na Bahrain ni bahari mbili. Nekesa akakubali kwa kichwa, kisha akauliza, kwa upole kabisa, bahari hizo mbili ni zipi. Mzee akasema moja iko upande huu na nyingine upande ule. Nekesa akatafakari. Akasema kisiwa bahari imekizunguka pande zote. Basi wenyewe walijuaje moja inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi?

Masha alisimamisha nyundo. Katika miaka kumi na minne haikumjia kuuliza hilo.

Mzee akajimiminia kahawa, kikombe baada ya kikombe, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Kesho yake alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa zuri: bahari moja ni ya chumvi, na ya pili ni ya maji matamu yaliyokuwa yakibubujika chini, katika sakafu ya bahari yenyewe, hata wazamia lulu walikuwa wakishuka na kiriba cha ngozi wakakijaza maji ya kunywa huko chini ndani ya maji ya chumvi. Hayo ndiyo wanayoyasimulia wengi, akasema, ingawa wako wanaosema vingine. Nekesa alifurahi kweli. Kisha akauliza kama ni sahihi kwamba zamani jina Bahareni lilikuwa la pwani nzima ya bara Arabu upande ule, na kisiwa chenyewe kikiitwa Awal.

Mzee Abdulhadi alikuwa hajawahi kulisikia neno Awal. Alisema bila shaka, akaomba udhuru, akaingia ndani. Kupitia dirishani Bi Mwanaesha alimwona akiinamia simu kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Bi Mwanaesha ndiye aliyeligundua jambo kwanza. Ilikuwa Jumapili, anapika wali wa kuku kwa ndimu kavu alizoletewa na jamaa kutoka Uarabuni, na Nekesa akashuka kurudisha bakuli. Akasimama mlangoni mwa jiko, akavuta harufu, akauliza kama ndimu zile zimetobolewa kabla ya kutiwa, maana zisipotobolewa hazitoi kitu. Bi Mwanaesha akaweka mwiko chini.

"Mwanangu," akasema, "hiyo nje yako ni wapi?"

Nekesa akamwambia. Miaka mitano Manama, mji mkuu wa Bahareni yenyewe, akifanya kazi katika hoteli. Mwanzo kwenye dobi, baadaye mapokezi. Siku zake za mapumziko alikuwa akienda jumba la makumbusho, kwa sababu lilikuwa na ubaridi mzuri na hakuna aliyekuuliza unafanya nini. Alikuwa amesoma kila kibao ukutani mara nne au tano.

Wanawake wale wawili walicheka hadi wakaketi juu ya vibao vya mbuzi, kuku akishika chini ya sufuria. Bi Mwanaesha alipopata pumzi aliuliza kwa nini hakusema. Nekesa akaeleza kwamba siku ya kwanza hakupewa upenyo, siku ya pili aliona haya, na kufika wiki ya tatu lilikuwa limekuwa jambo zito. Akisema sasa, Mzee atadhani alikuwa akichezewa.

"Na ulikuwa humchezei?"

"Kidogo," Nekesa akakiri.

Bi Mwanaesha alifikiri kidogo. Akasema yeye ameibeba Bahareni peke yake tangu aolewe, na kama Mungu amemletea mtu wa kumpokea mzigo hata kwa miezi michache, hana sababu ya kuharakisha. Wakakubaliana wangoje nafasi nzuri.

Nafasi haikuja nzuri. Mzee alikuwa na mpwa wake, Ruweida, binti wa nduguye, mwalimu wa jiografia, ambaye Jumamosi alikuwa akisaidia katika maktaba ndogo ya watu huko Bondeni. Ruweida aliona vijana wengi wanajiandaa kwenda Uarabuni kutafuta kazi bila kujua hata ramani ya wanakokwenda, akaanzisha mazungumzo ya kila mwezi, mwezi mmoja nchi moja. Zamu ya Bahareni ilipofika alimjia amiye. Hakumaliza kusema. Mzee alikwisha kubali na kuuliza kama kuna kipaza sauti.

Kwa wiki tatu nyumba haikukalika. Aliandika kurasa kumi na nane, akazisoma mbele ya Bi Mwanaesha, mbele ya Masha, na mbele ya Nekesa mara mbili. Nekesa alijaribu. Jioni moja alimwambia kuna jambo anataka kumweleza kuhusu Bahareni. Mzee akainua mkono, akamwomba aliweke mpaka Jumamosi, aliulize hadharani, ili watu waone kwamba somo lina wapenzi.

Jumamosi yenyewe walikuja watu kama sitini. Mzee Abdulhadi alivaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na kofia ya vito, ile ya kudariziwa, ya siku ya Idi. Nami nilikuwako, na lazima niseme haki: alizungumza vizuri. Alitueleza juu ya Dilmuni, dola ya kale iliyokuwa pale maelfu ya miaka kabla ya Uislamu, na makaburi ya vichuguu yaliyojaa katika kisiwa. Alieleza lulu, na jinsi biashara hiyo ilivyoanguka Wajapani walipojua kuzifuga. Alifika kwenye ngome ya kule, akasema nao walikuwa na Wareno kama sisi, wakawafukuza mwaka elfu moja mia sita na mbili, na sisi tukangoja kukaribia miaka mia zaidi ndipo wetu wakatoka, pengine kwa sababu watu wa Mombasa hatupendi kumwambia mgeni aondoke. Ukumbi ukacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Maana baada ya hapo alifika kwenye mti. Kuna mti mmoja jangwani, kusini ya kisiwa, una miaka kama mia nne, peke yake, na hakuna maji yanayoonekana karibu nao. Watu wauita Mti wa Uhai na huja kutoka mbali kuutazama. Karatasi yake ilisema, "ukisimama chini yake." Lakini watu walikuwa wametulia, macho yote kwake, naye akasema, "Niliposimama chini yake."

Masha, aliyekaa safu ya nyuma, aliinua kichwa taratibu kama mtu aliyesikia mshono unaachia. Bi Mwanaesha akatazama sakafu. Mzee hakukoma. Aligusa gome la mti, akaona upepo ukipita kwenye majani, akaokota jani moja. Alipomaliza alipigiwa makofi marefu.

Ruweida akafungua maswali. Aliyesimama kwanza alikuwa msichana aliyekaa karibu na dirisha, faili la plastiki mapajani. Alisema anaitwa Hanin, ana miaka ishirini na miwili, anaishi na mamake Bondeni hapo hapo, na amepata kazi ya nyumbani Manama kupitia kwa wakala. Anatakiwa aondoke baada ya wiki tano. Hakuwa na sauti kubwa.

"Wewe umefika, Mzee," akasema. "Nikifika wakaniambia nitoe pasipoti waniwekee, niwape? Na nikikataa, nitakwenda kwa nani?"

Mzee Abdulhadi alifungua mdomo. Tulikuwa tumezoea kwamba mdomo huo ukifunguka jambo hutoka. Safari hii haikuwa hivyo. Alizitazama karatasi zake, akapindua moja, akapindua ya pili, kama mtu anayetafuta katika mifuko kitu anachojua hakukitia. Kisha akaziweka chini.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikufika. Sijatoka nti hii hata siku moja. Huo mti sikusimama chini yake, nimewadanganya. Uongo wa mti haumdhuru mtu, lakini hili lako siwezi kulibuni."

Hakuna aliyecheka. Alibaki amesimama, kofia imekaa upande, na kwa mara ya kwanza nikamwona kuwa mtu mzima sana. Hapo Nekesa akainuka kutoka safu ya pili, akasema, "Mzee, nipe ruhusa nimjibu. Mimi nimeishi huko miaka mitano."

Nitakiri kwamba katika hali ile sote tuligeuka kumtazama Mzee na si Nekesa. Uso wake ulipita katika mambo mengi. Unaweza kusema aliyapitia yote, Januari, Februari, Machi, bahari mbili na Awal, jioni moja baada ya nyingine. Mwisho akaondoka mbele, akavuta kiti, na kumwachia nafasi.

Nekesa hakutumia kipaza sauti. Alimwambia Hanin kwamba pasipoti ni yake na hakuna mwenye haki ya kuishika, lakini haki ni jambo moja na kuipata ni jambo lingine, kwa hivyo ajitayarishe. Aipige picha kila ukurasa, nakala abaki nayo mamake. Mkataba ausome hapa kabla ya kutia saini, na akifika huko akiletewa mwingine aulinganishe. Awe na laini yake ya simu na pesa kidogo ambazo hakuna anayejua ziliko. Kabla ya kuondoka aandike nambari za ofisi ya kazi ya huko na za ubalozi, kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Mwenyewe, akasema, mwajiri wake mwanzoni alimshikia pasipoti miezi minane. Alipoijua ofisi ya kwenda kulalamika, alirudishiwa kwa siku tatu. Alisema pia kwamba alikutana na watu wema wengi, na bibi mmoja wa Muharrak aliyemfundisha kupika, na kwamba hajutii kwenda, ila anajuta kwenda bila kujua.

Maswali yakawa mengi hata Ruweida akaacha kuyahesabu. Mwishoni kijana mmoja, kwa utundu, akauliza kama angalau mti uko kweli. Nekesa akasema uko, amefika. Ni mkubwa, matawi yameinama hadi mchangani. "Tena ni ukoo mmoja na mathenge, ule mti wa miiba unaovamia malisho," akaongeza. "Huo huo watu wa Baringo na Garissa wanaoung'oa kwa trekta." Ukumbi ulicheka, na nilipotazama, Mzee Abdulhadi alikuwa akijizuia.

Alirudi nyumbani kwa miguu, peke yake, kupitia Marikiti ili asikutane na sisi. Siku mbili hakuonekana barazani. Mtaa, kama ujuavyo, haukunyamaza: watoto wa madrasa waliuita mwarobaini wa msikitini Mti wa Uhai, na mtu mmoja, simtaji, alimpelekea jani kwenye bahasha. Masha alikasirika. Alisema kusema uongo kila mtu husema, lakini mzee wa miaka sitini na tisa kuukiri mbele ya watu sitini, hilo yeye hajaliona. Baada ya hapo utani ulipungua, angalau mbele ya Masha.

Siku ya tatu Mzee alipanda ngazi hadi chumba cha juu. Alibisha, akasimama mlangoni bila kuingia. Haya aliyokuja kuuliza aliyasimulia mwenyewe baadaye, ndiyo maana nayajua. Aliuliza kuhusu Wareno. Nekesa akasema alikuwa akijua. Akauliza kuhusu lulu. Alijua. Na daraja? Alilivuka mara mbili.

"Basi mbona hukuninyamazisha?"

Nekesa akamwambia kwamba mwezi wake wa pili kule alitumwa Muharrak, akapotea katika vichochoro. Njia nyembamba, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya mbao ya nakshi, mama mmoja anamwaga maji kizingitini. Alikaa chini akalia, kwa sababu palikuwa kama hapa na hapakuwa hapa. Yeye kwao ni Bungoma. Hakujua kama Mombasa imemwingia kiasi hicho mpaka siku ile. Na aliporudi, kila aliyemtajia Bahareni aliuliza habari ya mshahara au habari ya mateso.

"Nilikuwa sijapata kukutana na mtu anayeipenda tu, Mzee," akasema. "Sikutaka kukukatiza."

Mzee akauliza kama mawe yenyewe ni kama yetu, au ni makubwa zaidi. Nekesa akasema aingie, maana swali hilo lilitaka kiti. Bi Mwanaesha alisubiri chini hadi chai ikapoa, akapandisha birika juu mwenyewe.

Sasa wanazungumza Bondeni pamoja, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Nekesa ana sehemu kubwa: mikataba, mawakala, nambari za simu, mambo ya afya. Mzee amepewa dakika kumi za historia na jina, na Bi Mwanaesha hukaa mbele na saa. Mumewe akifika dakika ya kumi na moja, yeye hukohoa. Kuhusu bahari mbili, Mzee sasa anatoa maelezo matatu yanayopingana na kusema wazi kwamba wataalamu hawajakubaliana, jambo ambalo limemgharimu sana.

Hanin alileta mkataba wake. Walikaa nao barazani, Nekesa, Mzee na miwani yake miwili, wakausoma mstari kwa mstari. Ukarani wa miaka thelathini na moja ulipata kazi tena. Ni Mzee aliyeona kwamba saa za kazi hazikuandikwa popote na jina la mwajiri ukurasa wa kwanza si lile la ukurasa wa nne. Wakala alipoulizwa alikuja juu, kisha akaacha kupokea simu. Hanin alilia wiki nzima. Miezi minne baadaye alipata kazi nyingine Manama, katika saluni, kwa ofisi iliyokubali kujibu kila swali la Nekesa, na yalikuwa mengi.

Siku ya safari mamake hakuweza kwenda uwanja wa ndege, miguu inamsumbua, na babake alikwisha fariki. Hanin akamwomba Mzee Abdulhadi amsindikize. Walikwenda yeye na Nekesa kwa teksi, wakapita daraja la Makupa saa tano ya asubuhi, na Nekesa anasema hadi Port Reitz Mzee hakutaja Bahareni hata mara moja. Alikuwa ametia karatasi mfukoni, alizigusa, hakuzitoa.

Walipofika penye mlango ambao msindikizaji haupiti, Hanin aliinama kumbusu mkono. Mzee akauliza kama amekula. Akasema amekula. Akauliza kama nakala ziko kwa mamake. Ziko. Akauliza tena kama amekula, na Hanin akacheka, akaahidi kupiga simu akifika. Kisha akalivuta sanduku lake akaingia, naye Mzee akabaki akiitazama foleni mpaka Nekesa akamshika kiwiko na kumwambia teksi inangoja.